Kusema Nimemwona

Kumpata ndege kwa darubini huwashinda wengi siku ya kwanza, na kosa huwa ni lilelile. Mtu anamwona ndege kwa macho yake, anainama kuitafuta darubini kifuani, anaiweka machoni, kisha anaanza kuzungusha kichwa akitafuta alipokuwa yule ndege. Anaambulia majani na anga. Mimi nilikuwa nawaambia hivi: ukishamwona, usimwachie. Mkazie macho kama unavyomkazia mtoto anayetaka kuvuka barabara. Kisha pandisha darubini taratibu mpaka ifike machoni, bila kuangalia chini. Utamkuta palepale. Na ukishindwa usivunjike moyo, kwa sababu mkono hujifunza polepole kuliko akili, na siku moja utashtuka umeshafanya bila kufikiri.

Mume wangu alijifunza haraka kuliko wote. Akishaelekezwa mti na tawi, darubini yake ilitulia, na alikuwa akinitajia mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyaona: ukucha, tone la maji kwenye mdomo, unyoya mmoja uliosimama vibaya. Hilo ndilo lililotudanganya. Ugonjwa aliokuwa nao ulikuwa unamla macho kuanzia pembeni na kumwachia katikati, na darubini haihitaji pembeni. Inamfanya kila mtu atazame kwenye tundu. Humo ndani tulikuwa sawa, yeye na sisi. Tulitembea naye kila Jumamosi tukitafuta vitu vidogo majanini, na hatukuona kwamba mwenzetu anapofuka.

Nilianza kutafuta ndege kwa sababu ya majira ya baridi. Wakati huo tulikuwa tunakaa Oakdale, mashariki ya Saint Paul, jimbo la Minnesota. Tulikuja kama wanafunzi, tukamaliza, tukapata kazi, tukabaki. Yeye alichora ramani za barabara na mitaro katika ofisi moja. Mimi nyumbani Tanzania nilikuwa nimefundisha biolojia sekondari, na huku nikawa katika maabara ya hospitali moja Maplewood, siku nzima nikitazama damu za watu chini ya hadubini. Ikifika Machi nilikuwa nimekaa miezi bila kuona kitu kinachotembea nje isipokuwa magari. Siku moja natoka dukani na mifuko, theluji bado imerundikwa pembeni mwa maegesho, imekuwa nyeusi kwa moshi, nikasikia juu ya paa kelele kama za wanawake wanaogombania meza sokoni. Nikatazama juu. Bata bukini, safu nzima, wanarudi kutoka kusini.

Mume wangu akanikuta nimesimama palepale.

"Umesahau funguo?"

"Sikiliza."

Akasikiliza. "Wanagombana nini?"

"Nani atangulie."

"Basi hao ni wa kwetu," akasema, akanipokea mifuko.

Tukaanza kwenda bondeni, kwenye madimbwi yanayofuata Mto Minnesota, upande wa kusini. Ukivuka mto unafika Apple Valley, ambako alikuwa anakaa rafiki wa mume wangu tangu chuo, mfamasia, bado hajaoa. Nilimwita shemeji. Wa nne alikuwa Mkenya, muuguzi wa hospitali yetu, ambaye Jumamosi asubuhi alikuwa anatoka zamu ya usiku na kuja moja kwa moja, sare ya kazi ndani ya jaketi. Alisema akipita nyumbani atalala mpaka Jumapili, halafu ataanza kujiuliza kama ana maisha. Ni yeye aliyeanza kuniita mwalimu, na wengine wakafuata, hata mume wangu, ingawa yeye alilitumia zaidi nilipomchosha.

Mahali penyewe hapakuwa na sifa ya kumwandikia mtu barua. Mto wa rangi ya chai ya maziwa, matete, miti iliyokufa imesimama majini, njia ya mbao iliyojengwa juu ya matope ili watu wasizame, na juu ya vichwa vyetu ndege za abiria zikishuka uwanjani na kufunika maneno yetu kila baada ya kitambo kidogo. Ikija moja tulinyamaza na kusubiri. Shemeji alikuwa anaipungia mkono.

Majina ya Kiingereza ya ndege niliyajua kutoka kwenye kitabu, lakini hayakutukaa mdomoni, tukawapa yetu. Yule mweusi mwenye mabega mekundu, anayefika Aprili na kupiga kelele juu ya tete kana kwamba dimbwi amelinunua, tulimwita Afande kwa sababu ya vyeo vyake mabegani. Shemeji alikuwa anampigia saluti. Yule mdogo mwenye kofia nyeusi, ambaye hasafiri wakati wenzake wote wanakimbia theluji, tulimwita Mlinzi. Mdiria, yule mvua samaki, tulimwacha na jina lake kwa sababu alifanana na mdiria wa nyumbani, mkubwa wa kichwa na mwenye haraka, isipokuwa huyu alipita akitoa mlio kama wa mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo.

Sasa nieleze jambo moja kuhusu sisi, kwa sababu bila hilo habari hii haieleweki. Sisi Watanzania tumelelewa hivi: mtu akikuonyesha kitu kwa furaha, humwambii hukioni. Ni kama kuulizwa ugenini kama umeshiba. Unashiba. Jibu linalinda moyo wa aliyeuliza, na wote wawili mnalijua hilo, na hakuna aliyedanganywa. Kwa hiyo mimi nikinyoosha kidole na kusema yule pale, kwenye tawi la pili, shemeji alitazama kwa heshima upande wowote ule na kusema, "Ah, nimemwona. Mzuri." Mume wangu naye: "Nimemwona." Tukaendelea mbele tumeridhika.

Mkenya hakuwa hivyo.

"Mimi sijaona kitu. Hiyo ndege iko wapi?"

"Kwenye tawi la pili."

"Tawi la pili kutoka wapi? Juu ama chini?"

"Dada," shemeji alimwambia, "sema umemwona tusonge mbele. Miguu imeganda."

"Niseme nimeona na sijaona? Ndio nini sasa?"

"Ndiyo adabu."

"Nyinyi wabongo mtakufa na hiyo adabu yenu."

Tulicheka. Mume wangu alicheka kuliko wote.

Nilijaribu kuwafundisha namna wenyeji wanavyoelekezana. Wao hujifanya wamesimama katikati ya saa ya ukutani: mbele yako ni kwenye kumi na mbili, kulia kwenye tatu, kushoto kwenye tisa. Nikaona ni njia nzuri. Siku ya kwanza korongo wa kijivu akasimama upande wetu wa kulia, nami kwa bidii yangu nikanong'ona, "Saa tisa, saa tisa." Shemeji akatazama kushoto, kwenye namba tisa. Mkenya akatazama kulia, kwa sababu saa tisa mshale mfupi uko kwenye tatu. Wakaanza kubishana hapohapo, kila mmoja akinyoosha mkono wenye saa kama ushahidi, mpaka korongo akachoka nasi akaondoka akikunja shingo. Mume wangu alikuwa ametazama mbele tu, wala hakugeuka upande wowote. Nikadhani ni utani wake. Tukaacha mambo ya saa, tukarudi kwenye kulia na kushoto.

Dalili nyingine zilikuwepo, na kila moja ilikuja na sababu yake mkononi. Kioo cha pembeni cha gari kilikwanguliwa na mlango wa gereji upande uleule mara kwa mara, na tukailaumu gereji kwa wembamba wake. Alipiga teke chupa ya chai niliyoiweka pembeni mwa mguu wake, na mimi ndiye niliyeulizwa kwa nini naweka vitu njiani. Kwenye njia ya mbao alianza kutembea katikati kabisa, nyuma yangu, na mkono wake kwenye mkoba wangu wa mgongoni. Nilipenda ule mkono. Nilifikiri tumefika umri ule wa ndoa ambapo watu wanaanza kushikana tena.

Ilikuwa Septemba mwari walipopita. Wale ndege weupe wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo huondoka kaskazini majira hayo, na hawapigi kelele. Walitokea nyuma ya bega letu la kulia, kundi zima, wakizunguka juu ya mto bila kupiga mabawa. Wakigeuka upande mmoja weupe wao unawaka wote kwa pamoja, wakigeuka upande wa pili wanapotea angani kana kwamba hawajawahi kuwepo, kisha wanawaka tena. Hata shemeji, ambaye wakati mwingine nilishuku anakuja kwa ajili ya maandazi yangu, alisimama mdomo wazi.

"Nimewaona," mume wangu akasema. "Wazuri sana."

Mkenya alikuwa amesimama karibu naye. Alimtazama yeye badala ya mwari.

"Wako wapi, ndugu?"

"Si hao."

"Hao wapi?"

Akanyoosha mkono mbele, juu ya matete. Hapakuwa na kitu. Mwari walikuwa kulia, wengi kiasi cha kufunika wingu.

Shemeji akaanza kucheka, akidhani zile saa zimerudi. "Kaka, hiyo ni saa ya Dodoma au ya Nairobi?"

Mkenya hakucheka. Akasogea mbele ya mume wangu, wakatazamana. "Niangalie pua," akamwambia.

"Pua yako naijua miaka yote hii."

"Iangalie tu. Usihamishe macho. Mimi nitainua mikono kando, nitachezesha vidole. Ukiviona, uniambie."

"Haya."

Aliinua mikono yote miwili, pande zote mbili za kichwa cha mume wangu, akaanza kuchezesha vidole. Mume wangu alimtazama puani, akitabasamu kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Vidole vilicheza. Akavisogeza mbele kidogo, vikacheza. Mimi niliviona. Shemeji aliviona, akaacha kutafuna.

"Haya, anza," mume wangu akasema.

Ndege ya abiria ikapita juu yetu, na kwa muda wote wa kelele zake hakuna aliyepaswa kusema kitu. Ilipoisha, Mkenya alikuwa ameshusha mikono.

"Nimemaliza, ndugu," akasema.

Kliniki walimkalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, kidevu juu ya kibao, wakampa kitufe. Taa ndogo zinawaka humo ndani, hapa na pale, na ukiona moja unabonyeza. Nilikaa nyuma yake. Nilimsikia akibonyeza, akibonyeza, na moyo wangu ukapanda, nikasema kumbe anaziona. Kisha mtaalamu akasimamisha mashine na kumwomba kwa upole aanze upya, kwa sababu alikuwa anabonyeza hata pasipokuwa na taa.

Ndani ya gari nilimuuliza kwa nini.

"Nilidhani zipo," akasema. Halafu, baada ya taa za barabarani kubadilika: "Kijana wa watu alikuwa anasubiri. Sikutaka kumchelewesha."

Ugonjwa wenyewe watu wetu huuita presha ya macho. Nilimweleza mezani jikoni, kama nilivyokuwa nikieleza ubaoni, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukaa naye. Jicho ni mfuko wenye maji, nikasema. Maji yanaingia na maji yanatoka. Njia ya kutokea ikibana, maji yanajaa, yanasukuma, na nyuma ya jicho kuna mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo, laini kama uzi uliolowa. Huo ndio unaominywa. Hauumi, ndiyo maana mtu hajui. Na ubongo una huruma mbaya: pale pasipoonekana haupaachi peusi, unapaziba kwa rangi ya jirani, anga kwa anga, matete kwa matete. Kwa hiyo wewe ulikuwa huoni giza. Ulikuwa unaona dimbwi lisilo na ndege.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Umeeleza vizuri, mwalimu. Sasa eleza linavyopona."

Sikuwa na somo hilo. Daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba dawa ya matone na upasuaji vinaweza kulinda kilichobaki, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki hakikuwa kikubwa. Daktari aliuliza pia kama kuna mtu katika ukoo aliyepoteza macho, na mume wangu akasema hapana, kisha njiani akamkumbuka baba yake, aliyemaliza maisha yake akiongozwa na fimbo na bega la binti. Nyumbani walisema ni uzee. Hakuna aliyetaka kumsumbua mzee kwa maswali.

Habari zilipoenea, watu walikuja kutoa pole. Kama umeishi ughaibuni na watu wetu utakuwa unaijua picha hii: viatu vimejaa mlangoni katikati ya theluji, wa kanisani na wa msikitini pamoja, sufuria za pilau zimefungwa kwa kanga, watu wamekaa mpaka kwenye zulia, wanazungumza kwa sauti ya chini. Mmoja alileta karoti, fuko zima. Mwingine alijua mzizi fulani unaopatikana Tanga, na kuna mtu anakuja mwezi ujao angeweza kuubeba. Shemeji alikaa karibu na mlango akisema tuko pamoja, kaka, tuko pamoja. Mimi nilishukuru kila mmoja na nilimaanisha. Mume wangu aliaga mapema akisema anapumzika, na nilipomfuata chumbani nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa vizuri, mikono magotini.

"Wanaomboleza nani?" akauliza.

"Usiseme hivyo. Wamekuja kukuona."

"Wao wananiona, ndiyo."

Walimpasua jicho moja, kisha la pili. Upasuaji ulikwenda vizuri, na neno hilo nililichukia, kwa sababu lilikuwa kweli na halikutusaidia. Presha ilishuka. Tundu alilokuwa anaonea likaendelea kuziba, taratibu. Aliacha kuendesha gari, na katika mji ule mtu asiyeendesha gari anakuwa mzigo wa kupangiwa ratiba. Ofisini alianza kuruka mistari ya pembeni mwa ramani, mtaro unaoanza na hauishii popote, mpaka siku moja yeye mwenyewe akasema afadhali aondoke kabla barabara ya mtu haijajaa maji. Walimwandalia keki. Aliniambia ilikuwa na maandishi mazuri juu yake. Sikumuuliza yalisema nini.

Majira ya kuchipua tukarudi bondeni, mimi na yeye na Mkenya. Shemeji hakuja. Alikuwa anapiga simu kila Ijumaa na kusema wiki hii kazi zimebana, na mume wangu alikuwa anamjibu usijali, kazi kwanza, na baada ya muda simu nazo zikapungua. Sikumlaumu. Kuna watu hawawezi kuangalia, kama ilivyo kwa wale wanaotoka chumbani mtu anapochomwa sindano.

Nilikuwa na mpango. Nilijiambia kwamba nusu ya ndege wote ninaowajua niliwajua kwa sikio kabla ya jicho, na kwamba mtu anaweza kufundishwa. Nikaandaa kitu kama mtaala. Kwanza wale wenye sauti moja isiyobadilika: Afande, kigong'ota anayegonga mti mkavu, mdiria na kopo lake la kokoto. Baadaye wale wanaobadilisha. Nilimshika mkono kila mmoja alipolia. "Huyo nani?" Alikuwa anapata. Alipata karibu wote. Nilimwambia unaona, umeshaweza, wiki mbili tu hizi, watu wengine inawachukua miaka.

Alikaa kwenye benchi mwisho wa njia ya mbao. Mkenya alikuwa amebaki nyuma akifunga kamba ya kiatu, au anajifanya.

"Mwalimu," mume wangu akasema. "Usinifariji kama mwanafunzi aliyefeli."

"Hujafeli. Umepata wote."

"Ndiyo. Nimepata wote." Alikuwa anatazama mbele, mahali ambapo bado palimbakia kitu, tundu la ukubwa wa sahani ukiishika mbali na uso. "Unajua ilivyo? Ni kama kukaa chumbani na njaa, unasikia watu wanakula chumba cha pili. Unasikia vijiko. Unajua mpaka wanakula nini. Sasa wewe unakuja unanipongeza kwamba nimejua ni wali."

Maisha yangu yote nimeamini kwamba mtu akielezwa jambo vizuri, kwa subira, bila kudharauliwa, analibeba kwa wepesi zaidi. Nimewaambia hivyo wanafunzi ambao hawakuwa na daftari. Nilikaa pale benchini nikatafuta namna nyingine ya kueleza, upande mwingine wa kuingilia, na sikupata. Afande alikuwa anapiga kelele juu ya tete, vyeo vyake vimewaka, karibu kiasi kwamba ungemrushia andazi. Sikumtaja.

Mkenya alipofika akatutazama wote wawili, akakaa katikati yetu kama mtoto, akachukua chupa ya chai. "Leo mimi nimeona kila kitu," akasema, "na hakuna hata moja imenisaidia." Mume wangu akacheka. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka amecheka kule bondeni.

Baada ya hapo alikuwa akikataa. Jumamosi zilikuja, mimi nikivaa viatu, yeye akisema nenda, utaniambia. Nilikwenda mara chache na Mkenya, tukarudi na habari, na niliposimulia alikuwa anasikiliza kwa adabu ileile na kusema wazuri, wazuri. Darubini yake ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku moja nilimkuta ameishika machoni, amegeukia dirisha la jikoni, anaisogeza kidogokidogo, akitafuta. Nje kulikuwa na maegesho tu. Nilirudi nyuma nikafungua mlango upya kwa kelele ili apate muda wa kuirudisha.

Kisha siku moja mwishoni mwa Novemba, yeye mwenyewe akaomba twende. Nilimwambia hakuna kitu sasa, wameshaondoka. Akasema anajua.

Niliendesha. Nilimwongoza kwenye njia ya mbao, mkono wake kwenye mkoba wangu, na sasa nilijua ule mkono ni wa nini. Dimbwi lilikuwa limeganda usiku, barafu nyembamba ya kwanza, ya kijivu. Matete yamevunjika. Matawi matupu. Hata mto katikati, ulikokuwa bado unatembea, haukuwa na sauti. Tulikaa kwenye benchi letu. Nilizungusha macho mwambao wote, kulia mpaka kushoto, kisha kwa darubini, polepole, kama ninavyofundisha, mti baada ya mti. Nilikuwa nataka kitu. Nilitaka hata bata mmoja aliyechelewa.

Alisubiri mpaka nikashusha darubini. Siku hizo alikuwa anasikia nguo zangu zikisugua nikishusha mikono.

"Kuna nini?"

Ningeweza kusema yuko korongo kule ng'ambo, amesimama mguu mmoja. Angesema nimemwona, mzuri, na tungerudi nyumbani tumelindana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Hata Mlinzi?"

Nikasikiliza. "Hata Mlinzi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu sahihi.

"Basi leo tunaona sawasawa," akasema.

Tulikaa vile mpaka baridi ikapita kwenye viatu. Ndege ya abiria ilishuka juu yetu, taa zake zimewaka mchana, nikamwona anainua uso kuifuata kwa sikio, kutoka bega la kulia mpaka la kushoto, mpaka ilipotua. Kisha akanyoosha mkono pembeni, akapapasa hewani, na mimi nikauweka mkoba wangu pale mkono wake ulipokuwa unautafuta.